Somo Yangu Aliitwa Mamluki

Nimefundisha Kiswahili miaka mingi, na yapo maneno mawili ambayo sipendi kuulizwa darasani. La kwanza ni somo. Mwanafunzi akiniuliza, namjibu haraka haraka kwamba somo ni kile anachofundishwa, na pia ni mtu mwenye jina kama lake, halafu nageuka kufuta ubao. La pili ni mamluki. Hilo namwambia akalitafute kwenye kamusi.

Kamusi itamwambia kwamba mamluki ni askari wa kukodiwa. Hatapata humo maana tunayoitumia sisi walimu wa michezo. Kwetu mamluki ni mchezaji asiye halali katika mashindano ya shule za sekondari: hasomi shule anayoichezea, au alikwisha kumaliza kidato cha nne akavalishwa tena sketi ya shule, au anacheza kwa jina la mwenzake. Neno hilo likishamshika mtoto halimtoki. Nalijua hilo kwa sababu nilikuwa nimesimama hatua mbili tu kutoka kwake, nikamwacha ashikwe nalo.

Wakati huo nilikuwa mwalimu wa michezo katika shule moja ya kata wilayani Uyui, upande wa Kigwa, ambako treni ikipita katikati ya kipindi mnanyamaza wote mpaka behewa la mwisho. Kazi ya michezo nilipewa kwa sifa moja tu, nayo ni kwamba nilikuwa mwalimu wa kike peke yangu. Mpira wa pete wenyewe niliujua kwa kupuliza filimbi. Lakini sheria za nani acheze na nani asicheze, hizo nilizipenda kweli kweli. Mchezaji awe amesajiliwa shuleni na awe anahudhuria. Umri wake usizidi uliowekwa. Jina la kwenye fomu lilingane na jina alilofanyia mtihani wa darasa la saba, na mhuri wa mkuu wa shule uguse picha na karatasi kwa pamoja. Nilikuwa nafika uwanjani na faili langu kwapani, nakagua fomu za wenzangu kabla hata sijawasalimu.

Mwaka mmoja kabla ya haya ninayoyasimulia, tulicheza fainali ya tarafa na shule nyingine ya wilaya yetu. Walikuwa na beki mmoja, dada mkubwa, mtulivu, ambaye kila mpira wetu aliupokonya. Kipindi cha pili nikaona jezi yake imelowa kifuani, pande zote mbili, na halikuwa jasho. Nikaingia uwanjani. Nikasimamisha mchezo, nikanyoosha kidole, nikasema kwa ile sauti ninayotumia kwa watoro: "Huyo kaacha mtoto mchanga nyumbani. Huyo ni mamluki!" Uwanja mzima ukaangua kicheko. Yule dada akajifunika kwa mikono, akaondoka akiinama, na wanafunzi wangu wakamsindikiza kwa miluzi ambayo sikuizuia.

Ilipofuatiliwa, kweli, alikuwa amemaliza shule miaka miwili nyuma. Timu yao ikatolewa, sisi tukapewa kombe, na tangu siku hiyo walimu wenzangu wakaniita Mama Mamluki. Walinisifu, nami nikavimba kichwa. Nilikuwa sahihi, hilo silikatai hata leo. Ningeweza kuwa sahihi pembeni, kwa sauti ya chini, nikiwa nimeshika kanga ya kumfunika.

Sasa nije kwa binti mwenyewe.

Alikuwa kidato cha pili, mrefu, mwenye macho ya kuangalia chini hadi mpira umfikie mikononi. Aliishi na bibi yake ng'ambo ya reli, mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu kuja shule, na saa moja na nusu kurudi. Alikuwa mfungaji. Nimeona wafungaji wengi wanaojipinda na kukunja uso kabla ya kurusha. Huyu alinyanyua mikono tu, na mpira ukaingia kwenye pete kana kwamba ni kwao. Jina lake lilikuwa la Kinyamwezi, alilopewa na huyo bibi kwa sababu alizaliwa wakati wa palizi. Kwa jina hilo alianza shule na kwa jina hilo akafanya mtihani wa darasa la saba.

Familia yao haikuwa imebatizwa. Yeye mwenyewe, kwa hiari yake, alianza mafundisho ya dini kwenye kigango chetu, na karibu na Pasaka akaja kunisubiri nje ya ofisi ya walimu.

"Shikamoo, madam."

"Marahaba. Una nini?"

"Katekista anasema nitafute msimamizi, na nichague jina la ubatizo." Akavuta kamba ya mkoba wake. "Naomba vyote viwe wewe."

Sikuwa na mtoto wakati ule, na sina hadi sasa. Nilikwenda nyumbani nikalia kwa furaha. Usiku wa kuamkia Pasaka nilisimama nyuma yake nikiwa nimemwekea mkono begani, padri akamwita kwa jina langu, akamwagiwa maji. Tulipotoka nje ya kanisa akaniita somo kwa mara ya kwanza. Nilimwitikia kwa sauti kubwa mno, watu wakageuka.

Watu wa kwetu wakibatizwa wakubwa, jina jipya huanza kazi kesho yake. Katekista analitumia, jirani analitumia, muuza maandazi anakukemea ukiteleza ukataja la zamani. Ndiyo maana siku ya kwanza baada ya likizo, mimi mwalimu wake wa darasa, nilifungua daftari la mahudhurio mbele ya wanafunzi wote, nikamwita mbele, nikalikata jina lake la nyumbani kwa kalamu ya bluu na juu yake nikaandika jina langu. Darasa zima likapiga makofi. Nilikaza kalamu hadi ikatoboa karatasi.

Daftari la mahudhurio halifutwi. Kila mwalimu anajua. Jina la mwanafunzi hubadilishwa kwa hati ya kiapo, inayopitia kwa mkuu wa shule na kufika kwa afisa elimu, na mpaka hapo mtoto hubaki na jina lililopo. Hayo niliyajua kwa moyo. Ningeyaona kwenye daftari la mwalimu mwingine ningemwandikia pingamizi la kurasa mbili. Kwenye daftari langu sikuyaona kabisa, kwa sababu nilikuwa natazama jina langu. Hata fomu yake ya mashindano niliijaza kutoka humo humo.

Kuanzia hapo aliniita madam darasani na somo nje ya darasa, na hakuwahi kukosea. Mwezi wa tano mwalimu wa michezo wa shule moja ya bweni ya wasichana, mjini Tabora, alikuja kumwona akicheza. Mwisho wa mchezo akanivuta pembeni. "Akichaguliwa timu ya wilaya tu, namwombea uhamisho. Kitanda kipo." Nilimpa binti habari hizo njiani, naye hakuruka wala kushangilia. Aliniuliza kitu kimoja: "Somo, huko bweni jioni kuna taa ya kusomea?"

Nikamwambia ipo. Akatembea hadi tulipofika relini, akicheka peke yake.

Mashindano ya wilaya yakafanyika Isikizya mwezi wa sita, upepo wa baridi asubuhi na vumbi mchana. Tulilala kwenye madarasa, tukapika uji wetu wenyewe. Mechi mbili za kwanza tulishinda, na yule mwalimu wa bweni alikuwa amekaa mstari wa mbele na daftari lake dogo. Siku ya tatu, kabla ya chai, nikaitwa kwenye kikao cha rufaa. Nije na mfungaji wangu na daftari la mahudhurio.

Kikao kilikaa darasani. Mwenyekiti alikuwa mtu mzima kutoka Nzega, ofisa wa elimu aliyependa mzaha. Walalamikaji walikuwa ile ile shule ya yule dada wa mwaka uliopita. Mwalimu wao alikaa ameegemea ukuta, mikono kifuani, na aliponiona hakutabasamu.

"Enhe, Mama Mamluki," mwenyekiti akasema. "Leo umekuja kulalamika au umelalamikiwa? Maana sisi Wanyamwezi tulibebea watu mizigo yao mpaka pwani, lakini majina yao hatukuyabeba."

Walimu waliokuwa madirishani wakacheka. Mimi pia nikacheka kidogo.

Mwalimu wa upande wa pili akasimama. "Mwenyekiti, orodha ya darasa la saba ina jina moja. Fomu ya mwalimu huyu ina jina lingine. Mwenye lile jina la kwanza yuko wapi? Huyu binti amekaa kwenye nafasi ya mtu."

Mwenyekiti akafungua daftari langu. Alipofika kwenye ule ukurasa akauinua kwenye mwanga, na kile kitundu nilichotoboa kwa kalamu kikaonekana hadi nilipokuwa nimesimama. Mzaha ukamwisha.

"Mwalimu, nani alibadilisha hapa?"

Nikakitazama kile kitundu. Naye, Mungu ambariki mzee yule, akanifungulia mlango hadi mwisho. "Sikiliza, mwalimu. Kama kuna mtu alibadilisha kwa kutojua, aseme tu. Tutapiga simu shule ya msingi sasa hivi, tutaandika maelezo, binti atacheza saa nne. Huyo aliyebadilisha atajieleza kwa mwajiri wake, hayo hayatuhusu hapa. Lakini bila maelezo, sina la kufanya."

Kwa hiyo siwezi kusema kwamba sikuelewa. Nilielewa kila neno. Nilijua nikisema ni mimi, binti atacheza, atachaguliwa, atapata kitanda chake na taa yake. Nami nitapata barua ya kujieleza. Barua ya kujieleza haiui mtu. Nimekwisha kuziona mbili tangu wakati ule, na nimezijibu. Nilichoogopa ni kicheko. Nilimwona yule mwalimu ukutani akisubiri, na madirishani watu wakisubiri, na nikajua namna watakavyocheka: Mama Mamluki kafuta daftari! Kicheko hicho nilikuwa nakijua vizuri, kwa kuwa ni mimi niliyekianzisha mwaka uliopita.

"Sijui," nikasema. "Daftari linashinda darasani. Labda ni wanafunzi wenyewe."

"Wanafunzi wenyewe, akina nani?"

Nikasema. Nimeandika sentensi hii mara nyingi nikaikata, sasa naiacha. Nilisema: "Labda ni yeye mwenyewe."

Mwenyekiti akamgeukia. "Binti, ni wewe?"

"Hapana."

"Basi ni nani?"

Akanitazama. Nilitegemea kuona hasira au machozi, ningejua la kufanya na hayo. Alinitazama kama alivyokuwa akifanya chini ya pete, ameshapata nafasi, anangoja apewe mpira. Mimi nikafungua faili langu nikaanza kupanga fomu ambazo zilikuwa zimeshapangwa.

Uamuzi ulichukua dakika chache. Timu yetu ikanyang'anywa pointi, na yeye akazuiwa kucheza michezo ya shule hadi atakapomaliza sekondari. Tulipotoka nje, wanafunzi wa ile shule walikuwa wamejipanga varandani wakiimba "mamluki, mamluki" na kupiga sufuria. Alipita katikati yao akiwa amenyooka. Alipofika mlangoni pa darasa letu la kulala alivua kizibao chake chenye herufi za mfungaji, akakikunja mara nne, akanikabidhi.

"Hiki hapa, madam," akasema.

Tulikuwa nje ya darasa.

Yule mwalimu wa bweni aliondoka bila kuaga. Kwenye lori la kurudi, binti alikaa akinipa mgongo, na mimi nikajiapiza kwamba kesho nitaandika maelezo nitayapeleka mwenyewe kwa mwenyekiti. Niliyaandika. Yalikuwa mistari mitatu. Nikayaweka ndani ya Biblia wiki nzima, kisha nikajiambia mashindano yameshapita, itasaidia nini sasa, nikayachana. Wiki hiyo timu ya wilaya ilikuwa bado inachaguliwa. Nilijua hilo pia.

Mkuu wa shule akaagiza daftari lirekebishwe. Nikachukua rula, nikakata jina langu, nikarudisha la bibi yake. Asubuhi nikaita majina. Kwa mazoea nikataja lile la ubatizo. Wanafunzi wakainama. Nikataja la Kinyamwezi.

"Nipo," akasema.

Hivyo ndivyo tulivyosalimiana kila asubuhi, zaidi ya miaka miwili. Hakunikosea adabu hata siku moja, na shikamoo yake niliipata kila nilipopita. Alitembea saa zake tatu kwa siku, akafanya mtihani wa kidato cha nne, akafaulu kiasi, matokeo ambayo hayakumpeleka mbele. Mimi nikahamishiwa mjini. Huko, kwa kuwa sifa zangu zilinitangulia, niliwekwa kwenye kamati ya kuhakiki wachezaji. Nilikubali. Kila mwaka nakaa mezani, watoto wanapanga foleni na picha zao, nami nalinganisha majina.

Mwaka huu, mwanafunzi wangu mmoja wa zamani aliniambia kwamba binti yule yuko Ntalikwa, kaolewa, analima bustani. Nilikaa na habari hiyo miezi mitatu. Kisha Jumamosi moja asubuhi nikapanda bodaboda, nikiwa nimekariri la kusema njia nzima kama mtoto anayekwenda kusoma shairi mbele ya mgeni rasmi.

Nilimkuta barazani akifunga mafungu ya mchicha. Amenenepa kidogo, mikono ni ile ile. Akanyanyuka mara moja, akajifuta kwenye kanga.

"Shikamoo, madam! Karibu. Jamani, karibu kiti."

Nikakaa. Akaniletea maji. Tukaulizana habari za mvua, za wadudu wa nyanya, za bibi, ambaye ameshafariki. Hotuba yangu yote ikanipotea. Nikasema tu, "Ni mimi niliyeandika lile jina."

"Najua, madam. Si uliniita mbele?"

"Kwa nini hukusema pale Isikizya?"

Akachukua fungu lingine la mchicha akalifunga kwa ugwe, taratibu, akakata ncha kwa meno. "Mimi nilidhani unajiandaa kusema. Nikakungoja." Akaliweka fungu kwenye beseni. "Hata kwenye lori nilikuwa nakungoja. Nilijua wewe utarudi tu. Nadhani nilingoja mpaka tulipofunga shule."

Aliyasema bila kunilaumu, na hilo ndilo lililonichoma. Nilimwomba msamaha. Akasema yamepita, akacheka kidogo ili nisilie, nami nikalia hata hivyo, mwanamke wa umri wangu, kwenye baraza la watu. Akaniacha nimalize. Kisha akageukia uani akaita kwa sauti.

Aliita jina langu.

"Abee!" nikaitika, nimeshanyanyuka nusu.

Nyuma ya nyumba akatoka mbio mtoto wa kike wa miaka minne hivi, magoti yamejaa udongo, akaenda kusimama mbele ya mama yake. Mimi nikabaki nimeinama, sijakaa wala sijasimama. Mama yake akaona, nami nikaona kwamba ameona, na sote tukatazama kwingine.

"Msalimie madam," akamwambia mtoto. Halafu akaniambia, huku akimpangusa magoti kwa kiganja, "Hili la kwake liko kwenye cheti cha kuzaliwa, madam. Nilikwenda mwenyewe kuliandikisha, ana wiki tatu tu. Sikutaka aje aandikiwe na mtu."

Mtoto akaniwekea mkono kichwani, kama watoto wa kwetu wanavyofundishwa, kwa sababu nilikuwa bado nimeinama. "Shikamoo," akasema.

Alikuwa somo yangu, na neno hilo sikuweza kulitamka. Nikamwitikia marahaba.